Mpima Theluji

Mikono yangu ni ya kukamua ng'ombe, lakini mmening'ang'ania niandike, haya. Mpima theluji huvua glavu, huchimba shimo mlimani juu ya nyumba zetu, kisha hulaza beleshi juu ya nguzo ya theluji aliyoikata shimoni na kuligonga kwa kiganja, akihesabu. Ikivumilia mapigo thelathini, tunalala kwetu; ikikatika mapema, theluji ya mlima yaweza kutuporomokea. Flurin, anayemshikia kamba, humtania: “Dada, unaupigia mlima hodi?”

“Nisipoupigia, utakuja kwako bila hodi, mzee.”

Jumapili ile, kwa pigo la tatu, theluji ilikatika na ufa ukapita kati ya miguu ya mpima. Flurin alipiga kelele. Mpima alichota punje za theluji ya chini, akazisugua vidoleni, akaandika, ndipo akasema, “Nivute polepole. Kijiji kihame sasa hivi.”

Akigonga mlango wako, acha supu mezani, utoke.