Siku Nilipomtundika Mtoto kwenye Mzani wa Pamba

Namshukuru Mungu mwenye rehema, aliyenifikisha umri huu nikiwa na meno ya kutosha kutafuna michembe ya viazi vikavu na akili ya kutosha kukumbuka aibu zangu, maana nikizisahau sijui ningetubu nini. Sifa zote ni zake. Aliniumba akijua tangu mwanzo kwamba siku moja nitamtundika mtoto wa watu kwenye mzani wa pamba, na bado akaniumba.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu ya wajukuu. Jumapili iliyopita, tuliporudi kutoka ibadani, waliniwekea picha ya kuchekesha kwenye runinga, ya makapera walioachiwa watoto ghafla, hawajui hata nepi inafungwa kuanzia upande gani, basi wajukuu wanacheka mpaka wanaanguka kwenye mkeka, na mmoja akanigeukia akasema, "Babu, kweli kuna watu wajinga hivi?" Mimi nikakohoa, nikaomba maji. Nimeona afadhali niandike mwenyewe, kabla hawajahadithiwa na mtu mwingine na kuongezewa chumvi (ingawa sidhani kama kuna nafasi ya chumvi zaidi).

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, msimu wa kwanza wa kampuni za watu binafsi kununua pamba kwetu. Kabla ya hapo tulikijua chama cha ushirika peke yake. Sasa katika kijiji kimoja nje kidogo ya Bariadi, ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala la chama, kampuni moja ilifungua kituo chake, ikaniajiri mimi kuwa mpimaji na rafiki yangu Ngasa kuwa karani. Sote wawili tulikuwa makapera, tukilala chumba kimoja nyuma ya ghala, sufuria moja, kijiko kimoja, na kitabu changu cha Maandiko juu ya sanduku.

Wakulima hawakutuamini sana. Walikuwa wanatuangalia kama mtu anavyomwangalia ng'ombe asiyejulikana anakotoka. Kwa hiyo nilijitahidi kuwa mkali wa haki. Mtu akileta pamba iliyomwagiwa maji ili iwe nzito, siipimi, awe nani. Nilikuwa nikisema mbele ya watu wote, kwa sauti niliyoizoea kufundishia watoto wa Jumapili, "Pamba iliyolowa ni wizi, na wizi ni dhambi." Watu walininunia, lakini pamba ilikuja kavu.

Na nilikuwa na jambo langu moyoni. Nilikuwa nimeposa binti aitwaye Kabula, wa kijiji cha pili. Mshenga alikwenda, akarudi na jibu la baba yake, Mzee Maduhu: "Sitoi binti kwa kusikia. Alhamisi naleta pamba. Nitamwona huyo kijana kwa macho yangu, akiwa kazini." Basi jibu la posa yangu lilikuwa linakuja Alhamisi hiyo, juu ya mkokoteni wa ng'ombe.

Alhamisi asubuhi nikavaa suruali ya mitumba niliyoipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe. Nyingine nilikuwa nimeifua, inachuruzika kwenye kamba. Mara akatokea dada yake Ngasa, dada Minza, anahema, mgongoni mtoto, mkononi mtoto.

"Mwangaluka, wadogo zangu. Mama mkwe amezidiwa, tunampeleka hospitali. Nishikieni hawa mpaka nirudi."

Mkubwa alikuwa Kija, msichana wa miaka minne mwenye maswali mengi. Mdogo alikuwa Limbu, wa miezi minane, mnene kama kibuyu. Jirani yetu, Bibi Holo, aliyekuwa akiuza karanga za kukaanga pale mlangoni, akanyoosha mikono. "Nileteeni mimi, wanangu. Nyie ni basumba, vijana msio na wake, mtaweza wapi?"

Hapa ndipo nilipoiharibu siku yangu yote kwa mdomo wangu mwenyewe. Badala ya kusema asante bibi, nikasema, "Mtoto ni kitu gani, bibi? Sisi tunapima pamba ya kata nzima, tushindwe na hawa wawili?" (Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimefundisha kanisani juu ya malezi, na akina mama walinipigia makofi. Makofi ni kitu kibaya sana kwa kijana.)

Dada Minza akatuangalia, akamwangalia bibi, akatuachia khanga ya kubebea, akaondoka mbio. Bibi Holo akarudi kwenye karanga zake akicheka puani.

Saa ya kwanza ilipita salama kwa sababu Limbu alikuwa amelala. Alipoamka akatafuta mama, hakumwona, akaniona mimi. Akalia kilio kilichowafanya ng'ombe wa jirani wainue vichwa. Ngasa akakoroga uji, ukaungua. Akakoroga mwingine, ukawa na madonge. Kija akasema, "Mjomba, mama haweki mawe kwenye uji." Nikampakata Limbu, nikamwimbia tenzi, akanyamaza kidogo, nikamwambia Ngasa, "Umeona? Ni imani tu," na kabla sijafunga mdomo nikasikia joto kwenye mapaja. Suruali ya posa imekwisha, na si kwa mkojo peke yake.

Sasa fuateni hesabu yangu vizuri. Suruali moja imechafuka, ya pili inachuruzika kwenye kamba. Kilichobaki cha kujisitiri ni ile khanga. Nikajifunga khanga kiunoni. Na kwa kuwa khanga iko kiunoni kwangu, hakuna tena cha kumbebea mtoto. Na kila nikimweka chini, analia. Anataka kurushwarushwa tu.

Jua lilikuwa limekaa kichwani, wauzaji wa asubuhi wamekwisha kuondoka, mzani wetu unaning'inia mlangoni mwa ghala, ndoano tupu. Nikaukumbuka mzani wa kliniki, ule wanaowatundikia watoto ndani ya kisuruali cha kitambaa. Nikajiambia, mzani si ni mzani? Nikachukua gunia jipya la kampuni, nikalikata fupi, nikatoboa matundu mawili ya miguu, Ngasa akamshika mtoto, nikamtundika.

Ndugu zangu, mtoto alicheka! Mzani ule ulikuwa na springi nene, ukimgusa anapanda na kushuka, mshale unakwenda na kurudi, naye anapiga kelele za furaha. Kija akawa anaruka pembeni, "Na mimi, mjomba! Na mimi nipimwe!" Ngasa, kwa mazoea, akafungua daftari na kushika kalamu. Dakika chache baadaye Limbu akalala palepale, kichwa kimeegemea kamba, na mimi nikaona ni kosa kumwamsha. Wakulima wawili wakaja, nikawaambia kwa kunong'ona, "Subirini kidogo, mzani una kazi."

Wakauangalia mzani. Wakaangalia daftari la Ngasa. Wakaniangalia mimi na khanga yangu. Kija, aliyekuwa amejipanga mstari vizuri, akawaambia, "Akitoka huyu ni zamu yangu."

Mmoja wao akarudi nyuma taratibu, halafu si taratibu tena. Nikasikia huko barabarani, "Kampuni inapima watoto! Njooni muone, wameanza na mdogo!"

Ng'ambo kwenye foleni ya chama watu waliacha magunia. Walifika kama kumi, kisha thelathini. "Yaya, hapana, tulisema sisi! Mtu binafsi hana mwisho!" Mwingine, "Mnanunua kwa kilo ngapi?" Bibi Holo akapenya mpaka mbele, akamwona Limbu, akashika kiuno. "Mayu wane! Mtoto ni kitu gani, eti? Mtoto ni robota la pamba!" Umati ukalipuka kwa vicheko. Nikajaribu kueleza, lakini mwanamume aliyevaa khanga akieleza jambo hakuna anayemsikiliza.

Vicheko vikakatika ghafla. Watu wakapisha. Mkokoteni wa ng'ombe wanne ukasimama mlangoni, na juu yake, akiwa na kofia na fimbo, Mzee Maduhu.

"Mwadila," akasema.

"Mwadila, baba," nikajibu, nikipiga goti, huku nimeishika khanga isidondoke.

Akaelekeza fimbo kwenye mzani. Vijana wake wakashusha mtumba wa kwanza wa pamba, wakauweka chini ya mzani kama ilivyo desturi, wakaufungua nikague. Pamba safi ajabu, nyeupe, haina hata jani moja, si ya kutafutia fifi, ile pamba chafu ya daraja la pili. Nikanyoosha mikono nimtoe Limbu. Akafumbua macho, akauona umati ule wote, akashtuka, na kutoka kwenye tundu la mguu wa kushoto maji yakamwagika, tena kwa utulivu na kwa muda mrefu, juu ya pamba ya mkwe wangu mtarajiwa.

Nikamtoa kwenye ndoano, nikampakata. Kisha sauti moja nyuma, ya mtu niliyemrudishia pamba yake wiki ile: "Mpimaji! Pamba iliyolowa ni nini?"

Hapo hawakucheka. Wote walinitazama. Nikajua kwamba nikiipima pamba ile nimempendeza mzee, na kuanzia kesho kila mtu ataleta ndoo yake ya maji, na atakuwa na haki. Nikijibu kama ninavyojibu kila siku, huenda Kabula nimempoteza. Nikaomba moyoni, ombi fupi kabisa, maana mtoto alikuwa ananililia kifuani.

"Baba," nikasema, "pamba hii imelowa. Siwezi kuipima. Kosa ni langu, si lako. Nitaianika mwenyewe."

Mzee Maduhu akashuka kwenye mkokoteni. Akatembea mpaka mbele yangu, akaweka fimbo chini, na akanyoosha mikono. Nilidhani anataka kunikaba. Alimchukua Limbu. Akavua shuka lake la begani, akamweka mtoto mgongoni, akafunga fundo moja kifuani, akaanza kutembea huku na huku akinguruma wimbo wa kuchungia ng'ombe. Mtoto kimya! Mzee wa ng'ombe mia, mtoto mgongoni, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Mimi nikatandaza turubai uani, nikaanika pamba ile donge kwa donge, jua linaniunguza mgongo, khanga kiunoni, Kija ananisaidia na kuniuliza kwa nini sina mke. Nilimwambia aulize swali lingine.

Ilipokauka nikaipima, na watu walikuwa bado wapo, wameukazia macho mshale. Wengi waliohama foleni ya chama kuja kushangaa walibaki wakatuuzia sisi. Dada Minza alirudi jioni (mama mkwe alikuwa anaendelea vizuri, Mungu asifiwe), akawakuta wanawe wameshiba karanga za Bibi Holo, akaiona khanga yake, akakataa kuipokea.

Mzee Maduhu aliondoka bila kunipa jibu. Siku tisa sikulala vizuri. Siku ya kumi mshenga akaja, akanipa maneno ya mzee kama alivyotumwa: "Mwambieni, nilikwenda kuona kama anajua mzani, nimeona anajua. Mtoto hajui kumshika, ila hilo Kabula atamfundisha. Na akome kusema mbele ya wanawake asichokijaribu."

Alinifundisha. Tulipopata mtoto wa kwanza, mama yake Kabula alituletea maziwa, samli, na kifurushi kimefungwa vizuri kwa kamba. Nikakifungua mbele ya wageni: lile gunia, na matundu yake mawili. Bibi Holo alikuwa amelitunza miaka yote ile, kisha akampa mama mkwe aniletee. Mpaka leo lipo juu ya kabati letu, halifai kuwekea hata karanga, na kila nikitaka kuwafundisha vijana malezi kanisani, mke wangu hulitazama tu, nami hufupisha somo.

Tangu siku ile, mtu akinyoosha mikono kunipokea mzigo, namshukuru na kumpa, na Mungu akinijalia sitaacha. Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Bwana akujalie watoto wa kukuchafulia nguo zako nzuri, jirani wa kukucheka akiwa karibu na mlango wako, na siku aibu itakapokukuta mbele ya watu, akupe mzee wa kumfunga mtoto mgongoni bila neno. Amina.