Tarehe yangu ya kweli ya kuzaliwa ilinishusha kwenye treni mpakani Denmark, mchumba akaendelea na mshenga

Wakuu, habari za huko mliko.

Leo natoa la moyoni. Siongezi chumvi, hii stori ni chungu hata bila chumvi. Wenye wivu wenzangu sogeeni karibu, wengine mnaruhusiwa kucheka.

Naishi Buffalo, Marekani, kazi kiwandani Tonawanda hapo jirani. Ni Mkongo wa Kivu Kusini, nimekulia kambini Kigoma.

Enzi za corona nilikuwa na mchumba, tumwite Riziki. Yeye yuko Louisville, anahudumia wazee. Na nilikuwa na rafiki wa tangu kambini, tumwite Gadi, yuko Columbus, anafanya kazi ghalani. Gadi ana mdomo mtamu. Akisimama kanisani kutangaza choo kimeharibika, watu wanasema amina.

Sasa kuna kitu lazima mkijue.

Wengi wetu tulioandikishwa ukimbizini tulipewa tarehe moja Januari kama siku ya kuzaliwa. Mimi, mama yangu, jirani, mchungaji, wote tarehe moja Januari. Mwaka Mpya kwetu ni birthday ya ukoo mzima.

Gadi na Riziki waliandikiwa siku hiyo, na mwaka ukawa ule ule. Basi Gadi akawa anamwita "pacha". Pacha umekula? Pacha, huyu kaka anakutunza kweli? Na Riziki anacheka mpaka anashika mbavu.

Mimi natabasamu, ila kila "pacha" naihesabu.

Chanjo zilipofika kwenye ukumbi wa kanisa karibu na Grant Street, nikapanga foleni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kusoma "pacha wangu" kwenye group letu. Nesi akaniuliza tarehe ya kuzaliwa. Hakuomba kitambulisho.

Nikajibu kwa sauti: tarehe kumi na saba Mei!

Ndiyo tarehe yangu ya kweli, marehemu baba aliiandika kwenye Biblia. Nikatoka pale kifua mbele. Wao wana Januari yao, na mimi nina Mei yangu. Sindano ya pili nikarudia hiyo hiyo.

Bon, tuendelee.

Baba yake Riziki yuko Denmark. Mzee akasema hatoi binti kwa video. Mwanaume aje na mshenga wake, Jumamosi, ndugu wote wameitwa. Asipotokea mtu wa upande wetu, maneno yameisha.

Mshenga nilimchagua Gadi. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, sikulazimishwa na mtu.

Tukatua Brussels watatu, mimi, Riziki na Gadi, maana tiketi ya huko ilikuwa nafuu. Wanaokumbuka kipindi kile watanielewa: Ubelgiji wana fomu yao, Ujerumani wana usajili wao wa mtandaoni, Denmark nao wana lao. Huku kipimo cha saa kadhaa, kule siku kadhaa tangu sindano ya mwisho. Unalala sheria hii, unaamka nyingine. Riziki alitupangia makaratasi kwenye mafaili matatu, kila mtu rangi yake. Langu lilikuwa la kijani.

Ubelgiji afisa akaangalia jina tu, tukapita. Ujerumani hivyo hivyo, tukalala kwa binamu yangu Cologne. Nikaanza kuringa kwamba Ulaya ni rahisi tu.

Alhamisi, treni ikafika mpakani Denmark. Akaingia polisi mmoja dada, mpole kabisa. Kadi ya chanjo mkono huu, pasipoti mkono ule. Akaangalia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Januari. Mei.

"Hii kadi ni ya nani?"

Nikaanza kueleza habari za kambi, Biblia ya baba, sijui mama alisema nini. Kiingereza changu chote kikanikimbia. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kadi isiyolingana na pasipoti ni sawa na kutochanjwa. Nirudi Flensburg, mji wa mwisho upande wa Ujerumani, nisubiri kliniki ya Buffalo irekebishe.

Wakuu, Riziki alinyanyua begi ashuke na mimi. Lazima niseme ukweli hapo.

Mimi ndiye nilimwambia, "Nendeni. Mzee asikae na ndugu zake bila mtu."

Gadi akabeba begi langu lenye suti mpya ya posa. "Kaka, nitakusemea vizuri."

Treni ikaanza kuondoka. Nikamwona kupitia dirishani akikaa kwenye kiti changu.

Nikabaki hotelini napiga simu Buffalo. Subiri kwenye line, muziki, subiri tena. Ijumaa ikaisha hivyo.

Jumamosi mchana nikafungua status ya mdogo wake Riziki. Picha: Riziki kapendeza, pembeni yake Gadi. Amevaa suti yangu! Chini yake maneno mawili ya Kiingereza, "The twins".

Damu ikanipanda. Nikapiga.

Riziki akapokea kwa furaha, "Umepiga wakati mzuri! Ngoja..."

Sikungoja. Nikamwaga yote. Kwamba nawajua tangu zamani. Kwamba hakuna pacha wa kuchekeana vile. Kwamba kama anamtaka abaki naye huko huko, na suti hiyo azikwe nayo.

Nikasikia mtu anakohoa. Halafu sauti ya Gadi, ya upole: "Baba, ni uchovu wa safari, mumusamehe."

"Nyamaza wewe mwizi!"

Kumbe simu ilikuwa spika, katikati ya meza. Gadi alikuwa amemaliza kuniombea, mzee amekubali, na alitaka kunisalimia mimi mkwe wake. Sebule nzima ilinisikia, bibi na mashangazi wote.

Mzee akaisogelea simu. Hakufoka.

"Kijana, asante sana. Wengine banangojaka baoe kwanza, njo tunabajua tabia yabo."

Akakata.

Jumatatu kadi iliyorekebishwa ikaingia kwenye email. Januari, safi kabisa. Mpaka uko wazi, ila mlango wa kugonga sikuwa nao tena. Nikarudi Brussels peke yangu na faili langu la kijani.

Riziki aliniambia neno moja tu baadaye: "Nilitaka kushuka na wewe."

Miaka imepita. Gadi alihamia Louisville. Mwezi uliopita nimepata kadi ya harusi yao. Tarehe moja Januari, siku ya kuzaliwa ya bwana na bibi, ndivyo ilivyoandikwa.

Gadi akanitumia na ujumbe: "Kaka, siku ile nilikuwa mshenga wako kweli."

Na ninamwamini, wakuu. Ndiyo inayoniuma. Wivu wangu ulianza kabla ya wao kuwa na lolote, na bado ninao hadi ninapoandika hapa.

Funzo: tarehe kwenye makaratasi yako iwe moja, hata kama ni ya uongo. Na kabla ya kumtukana mtu kwenye simu, uliza kwanza nani mwingine anasikiliza.

Sasa nishaurini, wa kunichamba nao mje tu: niende Louisville au nisiende?

Suti ninayo. Gadi aliirudisha kwa posta wiki ile ile, imefuliwa na kupigwa pasi.