Kitufe cha Sifuri cha Mlowo

Mizani ya kununulia mahindi pale Mlowo ilikuwa inanuka. Ilinuka muwa uliochacha, ugoro na jasho. Aliyepima, kwa kuajiriwa na mnunuzi, alikuwa shangazi Sekela, dada wa baba, na likizo moja ya shule nilishinda naye ghalani. Ili mtu asiseme kaibiwa, kila mkulima alibonyeza kitufe cha sifuri kwa kidole chake mwenyewe kabla gunia lake halijapandishwa. Utaratibu mzuri, kama wangekuwa watu wa kunawa! Huyu katoka kupenga kamasi, yule kashika makapi ya muwa aliyotema, wote dole kwenye kitufe. Shangazi alifuta na kufuta, mpaka kitambaa chenyewe kikawa kinatia kichefuchefu.

Ufundi nilikuja kuujua ukubwani. Kitufe kile ni karatasi mbili za plastiki laini zenye mistari inayopitisha umeme, na katikati yake karatasi ya tatu yenye tundu. Ukibonyeza, ya juu inazama tunduni na kuigusa ya chini, umeme unapita, ukiachia, inarudi. Sasa makucha yao yalitoboa ile ya juu, uchafu ukapenya, karatasi zikagandana. Gunia likiwa bado nusu jukwaani, mizani ilijirudisha sifuri yenyewe, na uzito ukasomeka pungufu. Mzee Haonga wa Igamba, mzee wa kanisa letu, alilipeleka gunia lake kwenye mizani nyingine, akakuta kilo zimezidi, akarudi na watu. “Mwizi wewe, Sekela,” alisema mbele ya wote, muwa ungali mdomoni. Shangazi alifukuzwa kazi siku hiyohiyo. Mpaka leo kanisani anakaa benchi la nyuma kabisa.

Siku hizi nina meza yangu ya ufundi Tunduma, na vitufe vya namna ile vinaniletea riziki: vya maikrowevu, vya vipima presha, vya rimoti zilizojaa mafuta ya chipsi. Watu hawajabadilika, wanabonyeza kwa mikono michafu vilevile. Mwezi uliopita aliingia mzee Haonga, sasa naye ananunua mahindi, kabeba mizani yake. Hakunitambua. Nilipoifungua, harufu ni ileile.

“Safisha vizuri, mwanangu,” alisema, “watu wasije wakaniita mwizi.”

Nilimwonyesha ule ute mweusi kati ya karatasi, nikamwambia mimi ni mtoto wa kaka yake Sekela, na kwamba kazi ya shangazi iliharibiwa na uchafu kama huu. Alikitazama kidole chake, akakifuta kwenye suruali, akaniuliza mizani itakuwa tayari saa ngapi.