Jua la Same na Jua la Myamba

Kama anameza dawa yake kila siku bila kukosa, kwa nini anaamka mara nne usiku kwenda msalani? Baba mdogo aliniuliza hivyo akiwa nyuma ya meza ya duka lake la dawa pale Same. Mimi, mwanachuo wa likizo niliyezoea kupinga kila jibu, niliendelea kufunga vidonge.

Tuliyekuwa tukimzungumzia ni bibi yangu, mama yake mzazi, aliyeishi peke yake Myamba, upande wa pili wa milima. Daktari alimwandikia vidonge vya presha, vile vinavyotoa maji mwilini, kimoja kila asubuhi, ili safari za haja ndogo ziishe mchana. Lakini yeye alikuwa akitoka usiku. Choo kiko nje, njia ina mawe, na wiki ile alikuwa ameteleza akachubuka goti. Baba mdogo aliamua kumteremsha mjini akae naye. Bibi alituma jibu kupitia muuza tangawizi mmoja aliyekuwa akiteremka sokoni: migomba yake haiwezi kuishi Same, na yeye haendi bila migomba.

Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufungua maduka ya dawa. Dawa zilipatikana, bahasha za kuzitilia hazikuwapo. Tulifunga vidonge kwa karatasi za daftari, na baba mdogo aliandika juu yake "1x1", yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, kama alivyofundishwa. Mwanzoni mwa likizo nilimbishia. Mzee gani atajua hesabu hiyo ni ya nini? Nikachukua kalamu nikaanza kuchora: jua juu ya mlima kwa dawa ya asubuhi, jua juu ya kichwa cha mtu kwa ya mchana, mwezi kwa ya usiku. Nilijiona nimewakomboa wazee wa wilaya nzima. Bibi alipokuja kuchukua kifurushi chake cha kwanza alikigeuzageuza, akauliza, "Na maneno?" Nikamweleza kwamba maneno ni ya wanaojua kusoma. "Haya," akasema, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Jumapili tulipanda kwenda kumchukua. Tulimkuta uwanjani, jua limeshaanza kuinama, kikombe cha maji kando ya kigoda. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa ameinua ile karatasi yangu mbele ya jicho moja, kama fundi anayepima ukuta.

"Bibi, unangoja nini?"

"Jua likae hapa," akasema, akinionyesha mchoro. "Bado kidogo."

Nikatazama alikokuwa akitazama. Kule, juu kabisa ya mlima, jua lilikuwa likishuka polepole kukaa mahali pale pale nilipolichora.

Same, jua huchomoza juu ya milima. Myamba huchomoza upande wa tambarare, na mlimani ndiko linakotua. Nililijua hilo tangu utotoni, ila sikuwahi kulifikiria. Bibi alifuata maagizo yangu kwa uaminifu kuliko mgonjwa yeyote wa duka lile, na kila jioni alimeza dawa ya asubuhi.

"Nani aliyechora?" akauliza nilipomweleza.

"Mimi."

"Ulikuwa umekaa wapi?"

"Dukani, Same."

"Basi ungekaa hapa."

Baba mdogo alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakumbuka kilichomleta. Akampa mwezi mmoja: bibi akilala usiku kucha, abaki na migomba yake, asipolala, atateremka. Bibi aliita jirani zake wawili waliokuwa wakitumia dawa zetu, mama mmoja na mzee mmoja mjane, akawaambia wakae, huyu msomi anataka kufundishwa kuchora.

Yule mama alitaka asubuhi ichorwe jogoo. Bibi akamwambia jogoo wake yeye huwika hata saa sita usiku, atatuua sote. Mimi nikapendekeza kikombe cha uji. Yule mama akasema sukari ikikosekana hanywi uji, je, na dawa aache? Mzee alipendekeza mbuzi wakitoka zizini, akaulizwa amebakiwa na mbuzi wangapi.

"Chora ufagio," bibi akasema. "Nani hapa anafagia uwanja usiku?"

Hakuna aliyebisha. Anayefagia usiku hufagia baraka zikatoka nje. Hata mimi, niliyekuwa nikijidai kutoamini lolote, sijawahi kuthubutu.

"Na mimi nisiyefagia?" mzee akauliza.

"Wewe ukisikia ufagio wangu, meza."

Nilichora fagio nyingi jioni ile, tukila makande, na kila ufagio ulikaguliwa. Wa kwanza ulikataliwa kwa kufanana na mkungu wa ndizi. Mwezi ulipoisha, muuza tangawizi alileta salamu: bibi analala mpaka alfajiri, na baba mdogo asihangaike kumtandikia kitanda.

Alibaki Myamba mpaka siku zake zilipotimia, miaka mingi baadaye, ndani ya nyumba yake ileile. Mimi ndiye niliyepanga vitu vyake. Chini kabisa ya sanduku, kimekunjwa ndani ya kanga, nilikuta cheti cha kisomo cha watu wazima chenye jina lake. Kilitolewa mwaka mmoja kabla mimi sijaanza darasa la kwanza.