Sauti ya Mfasiri wa Karambi

Juzi mchana mvua ilinikuta Bwera, nikaingia peke yangu kwenye kibanda cha video. Ndani palikuwa na mtu mmoja tu, mama mzee aliyeketi benchi la mbele. Filamu ilikuwa ya kigeni, imetafsiriwa na jamaa wa Karambi ambaye sauti yake sote tunaijua. Alifariki mwaka jana.

Katikati ya mapigano, sauti hiyo iliacha kutafsiri. “Mama yangu, uko muzima?”

“Niko, mutoto wangu,” mzee alijibu kwa upole, akiinyoosha kanga magotini.

Ndipo nikatambua kuwa ndiye aliyemzaa yule mfasiri. Nikainuka nitoke.

“Na wewe wa nyuma,” sauti ikasema, “unaenda wapi? Kuja ukae na mama.”

Nilienda. Hakunitazama, alisogea tu kunipa nafasi.

Baadaye nilimuuliza mwenye kibanda kama maneno yale yamo kwenye filamu siku zote.

“Sijui,” alisema, akiangalia barabara. “Akianza kuongea na mama yake, mimi natokaka nje.”

Wanaopenda kwenda sinema peke yao nawashauri wakae mbele, kabla hawajaitwa.