Mikono Iliyomkanda Mke Wangu

Mke wangu aliacha kutoka nje kwa sababu ya salamu. Mguu ulikuwa umeanza kumtii tena, na kwa fimbo angeweza kufika kanisani kama tungeondoka mapema. Kilichomfungia ndani ni mkono wa kulia. Tangu apatwe na kiharusi, mkono huo ulining'inia ubavuni kama sweta iliyotundikwa msumarini, na kwetu Waha mwanamke mwenye adabu zake hasalimii kwa mkono mmoja. Anainama kidogo, anakutanisha viganja, anapiga makofi ya taratibu, "mwidiwe, mwidiwe," na anabaki hapo hapo mpaka watoto, mifugo na mvua wote wameulizwa hali. Yeye alikuwa hodari wa mambo hayo. Hapa kijijini kwetu, kata ya Busunzu, walikuwa wakimtania kwamba kuni mbichi zinaweza kumkaukia kichwani kabla hajamaliza kusalimiana na mtu mmoja.

Sasa akisikia hodi, aliinuka na fimbo yake akaingia chumbani.

"Waambie nimelala."

"Asubuhi yote hii?"

"Mgonjwa hana asubuhi. Waambie."

Nikawa mtu wa kudanganya wageni mlangoni kwangu, nao wakawa wanajua kwamba nawadanganya.

Jambo hilo lingeweza kuendelea hivyo kwa muda mrefu, lakini binti yetu wa mwisho, anayefundisha shule ya awali Kibondo mjini, alikuwa amepata mchumba. Familia ya kijana ni watu ambao wazee wao walitoka Burundi zamani. Sasa ni Watanzania kama sisi, wana biashara ya nafaka Kasulu. Walileta ujumbe kwamba maharage yakishavunwa watakuja nyumbani kujitambulisha. Siku kama hiyo mama wa binti ndiye anayewapokea wanawake wa upande wa pili. Asipoonekana, watu hawataacha kujiuliza kwa nini.

"Dada yako atawapokea," mke wangu aliniambia.

"Mama wa binti yupo hai, halafu apokee shangazi?"

"Mama wa binti yupo hai nusu."

Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande kidogo, lakini ulimi haukupoteza makali.

Wa kwanza kumshika alikuwa bibi mmoja wa kitongoji cha jirani. Kazi yake ni kukanda wanawake waliojifungua na kuchua watu waliotegua vifundo vya miguu. Alikuja na kibuyu kidogo cha mawese, akayapasha moto kwenye kifuniko cha sufuria, akajaribu joto lake kwenye shavu lake mwenyewe. Kisha akaanza na vidole vya mgonjwa, kimoja kimoja, kama mtu anayekagua maharage ya mbegu. Alipanda hadi kwenye kiganja, kiwiko, halafu begani, ambako alipitisha mkono tu kwa wepesi na kushuka tena. Muda wote walikuwa wakisengenya watu kwa Kiha. Mimi nilikaa mlangoni na kusubiri kuona nguvu inatumika wapi.

"Bibi," nilimwuliza siku moja alipokuwa akifuta mikono, "mbona begani hugandamizi?"

"Nigandamize kitu gani? Hapo hapajateguka."

"Lakini mkono haurudi."

"Mimi namkanda ili damu itembee na apate usingizi. Mkono ukirudi, utakuwa umerudi wenyewe. Sikukudanganya tangu siku ya kwanza, muzee."

Kweli hakunidanganya. Na mke wangu alilala vizuri siku alizokandwa, akaanza hata kuuliza bibi anakuja lini. Lakini mimi nilisoma mpaka sekondari na nikafanya kazi ya ghala la chama cha ushirika miaka mingi, nikazoea kuamini kwamba mzigo usiosogea umekosa watu wa kuusukuma. Niliona ule ulikuwa utulizaji tu, si tiba. Na nilikulia katika imani ya watu wengi wa hapa kwamba kuchuliwa kusikouma ni kupakwa mafuta. Vijana wakitoka uwanjani na goti limevimba, humsifu mchuaji aliyewaliza. "Jamaa ana mkono!" husema, huku wanachechemea.

Maharage yalikuwa yameanza kugeuka rangi shambani nilipoamua kumpeleka kwa mtu wa namna hiyo.

Alikaa kijiji kimoja upande wa Kasulu, mwanamume mpana wa kifua, mpole sana wa maneno. Kazi yake ni kurudisha viungo: mabega ya watu walioanguka na pikipiki, viwiko vya watoto walioanguka mtini. Nilikuwa nimeulizia, nikaambiwa kwamba watu waliopooza hawapokei, huwaambia waende hospitali. Kwa hiyo tulipofika nilimwambia kwamba mke wangu aliteleza kisimani akaangukia bega.

Mke wangu alinitazama. Nimelifikiria sana jicho lile. Nadhani alitaka mkono kama nilivyoutaka mimi, akaamua kuubeba uongo wangu pamoja nami.

Yule bwana aliligusagusa bega, akakunja uso. "Mzee, lini alianguka?"

"Wakati wa mvua."

"Mbona msuli umelegea hivi? Mtu aliyeteguka hukaza."

"Uzee," nilisema. "Wewe vuta tu."

Akamkalisha kwenye mkeka, akaweka mguu wake ubavuni mwa mke wangu, akashika mkono kwa mikono yake miwili na kuuvuta huku akiuzungusha. Mke wangu si mwanamke wa kelele. Watoto wetu wote aliwazaa watu wakiwa chumba cha pili bila kujua kama ameanza uchungu. Siku hiyo alipiga ukelele kuku wakatawanyika uani. Yule bwana aliachia mara moja, akarudi nyuma akajifuta jasho.

"Huyu hakuanguka," alisema.

Alikwenda kuleta maji ya kunywa, akampa mke wangu kwanza, akampepea kwa kipande cha boksi mpaka alipotulia. Hakutaka kupokea chochote kutoka kwangu.

Tangu siku ile bega liliteremka. Ungeweza kuweka kidole kati ya mfupa wa juu na kichwa cha mkono. Usiku na mchana lilimuuma, na yule bibi wa mawese alipokuja hakuthubutu kuligusa. Binti yetu alipopata habari kwa simu hakunigombeza. Alisema tu, "Baba, mpeleke hospitali ya Kasulu, kuna dokta wa mazoezi. Safari hii sema ukweli."

Dokta huyo alikuwa dada wa makamo kutoka Tanga, amejifunga hijabu ya bluu, amepangiwa kazi huku juu kwenye baridi yetu na bado hajaizoea; alivaa sweta mbili ndani ya chumba. "Shikamoo baba, shikamoo mama. Karibuni, poleni na safari." Chumba chake kilikuwa na kitanda kirefu, mipira, vyuma viwili sambamba vya kujifunzia kutembea. Alimsaidia mke wangu kukaa, akaweka mto chini ya mkono, na hapo tu, kwa mto ule, nikaona uso wa mke wangu ukilegea kwa mara ya kwanza tangu tutoke kwa yule mvutaji.

"Nani aliuvuta mkono huu?" aliuliza.

"Mimi," nilisema.

"Wewe mwenyewe, baba?"

"Aliyevuta ni mtu mwingine. Lakini nilimwambia uongo ili avute."

Nilitegemea anishushue. Badala yake akasema wengi huvuta, hata ndugu wa nyumbani, wanapomwinua mgonjwa kitandani kwa mkono ulio dhaifu. Alinieleza kwamba bega hushikiliwa na misuli, na misuli ikilala, kilichobaki ni kamba chache tu. Ukivuta, unazinyoosha kamba hizo. Alimfunga mkono kwa kitambaa cha pembetatu kilichopita shingoni, akamwambia atakuja kwake mara kadhaa kwa mazoezi.

"Na mkono utarudi?" mke wangu aliuliza.

"Mama yangu, vidole vinaweza kurudisha kitu kidogo. Bega sitaki kukuahidi. Maumivu tutayapunguza."

"Kupiga makofi je?"

Dokta hakuelewa. Ilibidi mke wangu amweleze salamu zetu, naye akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa kuinua mikono yote miwili mbele ya kifua, hapana," alisema. "Sidhani."

Mke wangu aliitikia kwa kichwa. Mimi niliombwa kutoka nje wakati wa mazoezi, na nilishukuru.

Sikujua pa kwenda. Karibu na kituo cha mabasi kuna saluni ya kunyoa, nikaingia ninyolewe ndevu, angalau nifanye jambo. Baada ya kunyolewa, binti mmoja alinihamishia kwenye kiti cha nyuma, akaniosha uso kwa maji ya moto, na kabla sijauliza akaanza kunikanda mabega.

"Hiyo sijaagiza," nilisema.

"Inakuja na kunyoa, babu. Tulia. Heee! Njooni mguse, babu amekaza kama gogo la mninga!"

Wenzake walicheka. Nilitaka kuinuka. Kwa umri wangu, mabega yangu yalikuwa hayajashikwa na mtu kwa ajili ya kustareheshwa tangu nilipokuwa mtoto mgongoni mwa mama yangu. Mke wangu hakunikanda, wala mimi sikumkanda. Si kazi ya watu waliooana, tulidhani, ni kazi ya waganga na wakandaji. Binti yule hakuwa na nguvu nyingi. Alikaa tu mahali palipokaza, akasubiri, halafu akasogea kidogo. Hakuniumiza hata mara moja, na mahali palifunguka. Niligundua kwamba machozi yalikuwa yananitoka ndani ya taulo.

"Babu, nimekuumiza?"

"Hapana. Endelea."

Njiani kurudi nilimsimulia mke wangu. Sikutaka uongo mwingine kati yetu.

"Kwa hiyo," alisema, "mimi nahangaishwa na mipira kule, wewe unashikwashikwa na watoto wa Kasulu?"

"Mabega tu."

"Wanaanzaga na mabega." Akageukia dirishani, lakini nilisikia anacheka puani.

Yule dokta alikuwa amesema kuchua kwa upole nyumbani kunasaidia, mradi bega lisivutwe. Nilimwomba mke wangu anikubalie nijaribu. Nilipasha mawese. Ya mara ya kwanza yalikuwa ya moto mno, akanipiga kibao cha mkono wa kushoto. Bibi wa jirani alikuja kunisimamia, akakaa kwenye kigoda akila karanga.

"Polepole, muzee. Huyo si gunia la maharage."

"Alizoea ghalani," mke wangu alimwambia. "Mvumilie."

"Anza na vidole. Vidole! Unakimbilia wapi?"

Nilijifunza kidogo kidogo. Niliujua mkono ule kwa namna ambayo sikuwa nimeujua katika ndoa yetu yote: kovu la panga kwenye kidole gumba, ambalo alisema alilipata mwaka tuliojenga, na mimi sikuwahi kuliona, ukucha mmoja uliopinda. Kidole cha kati kilianza kujikunja kikiguswa. Bega halikupanda tena. Nilipopita karibu nalo nilihisi lile pengo chini ya ngozi, na kila siku nililihisi.

Maharage yalivunwa, yakapigwa, yakawekwa ndani. Siku ya wageni ilipofika, dada yangu alikuja alfajiri tayari kukaa kwenye kiti cha mama. Mke wangu alikuwa bado chumbani. Sikumwambia neno. Niliamua kwamba nikisukuma tena, hata kwa maneno, nitakuwa sijajifunza kitu.

Wanaume tuliketi sebuleni. Wanawake wa upande wa kijana waliingizwa uani, penye mikeka, na kupitia dirishani niliona mama wa kijana akipiga magoti, mikono yake ikikutana. Dada yangu alianza kuinama. Kisha pazia la chumbani likasogea.

Mke wangu alitoka na fimbo mpaka uani, kitambaa cha dokta kimefichwa chini ya kitenge. Alimwomba dada yangu nafasi, akaketi kwenye mkeka. Kwa mkono wa kushoto aliutoa mkono wa kulia kwenye kitambaa, akaulaza mapajani, kiganja juu. Mgeni alikuwa amekwisha kuanza: "Mwidiwe, mwidiwe." Mke wangu akainamisha kichwa, akaanza kupiga kiganja chake cha kulia kwa kile cha kushoto, pale pale mapajani. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama wa mtu anayebembeleza mtoto mgongoni. Mama wa kijana aliusikia. Akashusha mikono yake kutoka kifuani mpaka mapajani, akapunguza makofi yake mpaka yakalingana na ya mke wangu, na wakaendelea hivyo, watoto, mifugo, mvua.

"Mzee," mjomba wa kijana aliniambia sebuleni, "nimeuliza mara mbili. Kijana wetu mnamkubali?"

"Zilichelewa," nilisema. Nilidhani ameuliza habari za mvua. Wakacheka wote, nami nikaomba radhi.

Walipoondoka jua lilikuwa bado juu. Mke wangu alikuwa amechoka, na nilijua kwa jinsi alivyouma mdomo kwamba bega linamuuma, na kwamba litamuuma kesho pia. Nilimwambia ninavyosikitika. Nilikuwa nimekwisha kumwambia hapo kabla, lakini siku hiyo nilimwambia tena.

"Najua," alisema. "Leo begani usiguse kabisa."

"Nianzie wapi?"

Akanyoosha kwangu, kwa msaada wa mkono mwingine, vidole vyake vilivyochoka kwa makofi.

"Nyie watu wa ghala hamjifunzi," alisema. "Vidole."