Swali la Shemeji Kuhusu Mvua

Asubuhi hizi ukungu haupandi tena kutoka bondeni kwetu. Kinachopanda ni moshi, na moto wake hauonekani. Unatoka chini ya ardhi, kwenye kinamasi kilichokaushwa, na hata mvua ya wiki iliyopita haikuuzima. Migomba yangu iliyo karibu na mtaro imeanza kukunja majani. Najua nilichangia nini katika moshi huu, na nakiandika sasa nikiwa bado na akili timamu.

Siku ya mkutano wa kijiji nilikuwa mwandishi na mkalimani, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne na wageni hawakujua Kinyambo. Walitoka Dar es Salaam kutueleza mradi: kukausha kinamasi, kuchimba udongo wake mweusi na kuupeleka viwandani ukachomwe badala ya makaa ya mawe. Nilivaa koti. Nilifurahia jinsi mtaalamu wao alivyoniita "mzee wetu" mbele ya watu.

Mjane wa kaka yangu akasimama. Kibanja chake kinapakana na changu, na tangu aolewe kwetu tumekuwa watani. Siku hiyo hakuwa na utani. Kiswahili anakielewa ila hakizungumzi vizuri, hivyo alisema kwa Kinyambo, "Mkikausha bonde hili mkachoma udongo wake, moshi ukajaa juu, mvua ya vuli itatujia tena?"

Mtaalamu akanigeukia. "Bibi anasemaje?"

"Anasema umechelewa kuja," nikajibu. "Anatafuta mchumba, na wewe umempendeza."

Watu walicheka mpaka mabenchi yakalia. Shemeji akanipigia kelele, "Wewe, leo umekunywa rubisi ya nani?" Kisha akaketi, akingoja kicheko kiishe nimtafsirie swali lenyewe. Sikulitafsiri. Mtaalamu alikuwa ameshaendelea, na sikutaka kumtibulia mgeni shughuli yake. Kwenye muhtasari niliandika: "Mama mmoja mzee aliwakaribisha wageni."

Serikali ikatoa kibali. Wakulima wa bondeni wakaenda mahakamani Bukoba kuomba kifutwe, kwa hoja kwamba hakuna aliyechunguza moshi wa udongo ule utafanya nini kwa hali ya hewa. Nilikaa viti vya nyuma nikamsikia wakili wa upande wa pili akisoma mwandiko wangu. Kijijini, alisema, hakuna hata mmoja aliyeuliza jambo hilo. Akausoma na ule mstari wa mama mzee. Shemeji alikuwa mbele. Hakugeuka kunitazama.

Wakili wetu akaniomba niape kwa maandishi kwamba swali liliulizwa, nami nikaliacha bila kulitafsiri. Nikamwambia nitafikiri. Niliogopa kuitwa mwongo na watu walioniamini miaka yote niwasomee barua zao na kuwaandikia majibu. Nikafikiri tangu palizi ya maharage hadi mavuno. Katikati hapo ombi la kusimamisha kazi hadi kesi iamuliwe likakataliwa kwa kukosa ushahidi, na mtambo ukashuka bondeni kuchimba mtaro. Maji yakaondoka. Kiangazi kikamalizia. Siku moja udongo ukashika moto, na hakuna ajuaye ulianzia wapi.

Ndipo nikaapa. Wiki ijayo nitahojiwa mbele ya jaji.

Jana mchana nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa anamenya ndizi, pua ameifunga kwa kitambaa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Mchumba wangu wa Dar hajambo?"

Sikuweza kucheka. Nikamwomba anirudie swali lake neno kwa neno, nisije nikalikosea tena. Akalisema. Nikalisema kwa Kiswahili.

"Umeacha moshi," akasema.

Nikarudia.

"Sasa umeacha vuli. Na hiyo ndiyo shule mliyosoma?"

Nikarudia tena, kikohozi kikanikatiza. Akanisogezea kikombe cha maji.

"Na jaji akikuuliza kwa nini hukulisema siku ile?"

"Nitamwambia nilitaka watu wacheke."

Akaweka kisu chini, akatazama bonde. Nyumba za ng'ambo zilikuwa hazionekani.

"Mwambie hivyohivyo," akasema. "Usimwongezee chochote." Kisha akachukua ndizi nyingine. "Haya, anza upya."